Makopo Yaliyosamehewa Ushuru

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuhesabu makopo matupu. Watu wakiniuliza nilifanya nini Kyela nilipokuwa msichana, nasema nilikuwa karani wa stoo, nao wanaitikia kwa heshima. Ukweli ndio huo wa kwanza: makopo meupe ya plastiki, ya nusu kilo, yenye vifuniko vyekundu, hayana kitu ndani. Yakishajazwa siagi ya karanga hayakuwa juu yangu tena.

Tulipaita kiwandani kwa sababu tajiri wetu alipenda paitwe hivyo. Lilikuwa banda la matofali nyuma ya duka lake, hatua chache kutoka sokoni Kyela mjini, lenye mashine moja ya kusaga na majiko mawili yaliyokula pumba za mpunga, maana pumba kwetu ni za kuokota. Babu yake alitoka pwani na vitambaa begani, baba yake akafungua duka, na yeye, miaka ya ruksa ilipofika na biashara kufunguliwa, akaona kuuza vya wengine hakutoshi. Hakuwa peke yake. Mwenye baiskeli alitaka duka, mwenye duka alitaka kiwanda, na asiyekuwa na kitu alivuka mto Songwe akarudi na sukari ya Malawi chini ya gunia la mchele.

Mama yangu ndiye alikuwa mkaangaji mkuu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na nyumba yetu, pamoja na wadogo zangu wawili waliokuwa shuleni, ilisimama juu ya banda lile: mshahara wake na wangu. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Mama aliajiriwa kwa sababu alijua, kwa harufu tu, karanga inayotaka kuungua kabla haijaungua. Ujuzi wake ulikuwa mgumu kuliko wangu, lakini aliyepewa kiti ni mimi.

Makopo yalitoka Dar es Salaam kwa lori. Kwa sheria, kila kopo lilipaswa kulipiwa ushuru wa bidhaa, na ushuru huo, ukiujumlisha na nauli ya kutoka huko mpaka kwetu, ungeifanya siagi yetu iwe chakula cha wakubwa tu. Lakini serikali ilitaka viwanda vidogo vya chakula vizaliwe, kwa hiyo ilitoa msamaha: vifungashio vya chakula kinachotengenezwa nchini havitozwi, mradi mwenye kiwanda aweze kuonyesha kwamba kila kifungashio kimeishia kwenye chakula. Kopo la msamaha haliuzwi tupu. Haligawiwi. Halitiwi mafuta ya taa wala dawa ya ng'ombe. Likivunjika, vipande vyake vinatunzwa mpaka afisa avione.

Siku barua ya msamaha ilipofika, tajiri aliileta bandani akiishika kwa ncha za vidole kama chapati ya moto. Akatusomea yote, na mihuri akatuonyesha.

"Msikie wanangu," alisema. "Barua hii ikiondoka, nami naondoka. Nafunga banda, narudi kwenye khanga zangu, na kila mtu atashika njia yake."

Hakuwa mtu wa kutishia, kwa hiyo tulimwamini. Kuanzia siku hiyo makopo yakawa yangu. Nilipewa daftari lenye safu nne zilizopigwa rula: yaliyoingia, yaliyojazwa, yaliyovunjika, yaliyobaki. Mwaka wa kwanza afisa alipokuja kutoka Mbeya kukagua, alihesabu stoo nzima akakuta hata kopo moja halipungui wala halizidi. Akasema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona kitu kama hicho. Niliringa mwezi mzima. Mama akaniambia nikiendelea hivyo hata shingo itanipinda.

Mwaka wa pili ndipo siagi ilipoanza kwenda vijijini. Wanawake wa bandani, mama akiwamo, walikuwa wakitoka siku za Jumamosi na vikapu, wakifika Njisi, wakifika Katumba Songwe, wakauza nyumba kwa nyumba kwa watu wanaowafahamu. Huko ndiko mambo yalikoharibikia, kama kuharibika ndilo neno.

Kwetu mtu akikuletea chakula, chombo kilicholeta chakula hicho si chako. Unakaa nacho siku mbili tatu, unakiosha, unakirudisha. Na hakirudi kitupu: unatia viazi, unatia mayai, ukikosa kabisa unatia hata chumvi. Mwenye chombo naye hakatai kukipokea, kwa kuwa atakuwa amekataza mguu wako usikanyage tena kwake. Hili hatufundishwi. Mtoto analijua kabla hajajua kuvaa viatu.

Basi watu wa vijijini wakala siagi, wakaosha makopo, wakaanza kuyarudisha. Wa mjini hawakufanya hivyo. Wa mjini walitia chumvi na vifungo vya mashati wakanyamaza. Lakini mtu wa Njisi aliyeletewa siagi na mama yangu, mkononi, mlangoni kwake, kwa maamkizi ya nusu saa, hakuona kwamba amenunua dukani. Fedha alilipa, ndiyo. Fedha ilikuwa ya siagi.

Walikuja siku za gulio, wakizunguka nyuma ya duka mpaka dirishani kwangu. "Ugonile, mwanangu. Nimeleta chombo chenu." Ndani ya kopo kuna mchele wa Kyela unaonukia, au maharage, au usipa, dagaa wakavu wa ziwani, au mayai matatu yaliyolazwa kwenye pumba yasivunjike. Nilishukuru, ndaga fijo, nikamimina kilichomo kwenye ungo, tukagawana jioni. Kopo nikaliosha tena, nikalitia kwenye gunia kwenye rafu ya juu. Kulijaza upya sikuweza, kwa maana bwana afya alikwisha kutukataza kutumia kopo mara mbili. Kulitupa sikuweza, lilikuwa chombo. Kuliandika nako sikuweza, kwa sababu daftari halikuwa na safu ya yaliyorudi.

Nilimwuliza mama niwaambie wasilete tena. Aliniangalia kana kwamba nimetukana.

"Ukawaambie nini? Kwamba hatuwataki?"

"Kwamba kopo ni lao, mama. Wamenunua."

"Nenda kamwambie shangazi yako hivyo, halafu uje unieleze uso wake ulikuwaje."

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba. Aliishi Njisi, alilima mpunga na kakao kidogo, na ndiye aliyenilipia sare ya sekondari mwaka ule tuliokuwa hatuna hata nauli. Alikuwa amesharudisha makopo sita. Sikwenda kumwambia kitu.

Afisa alikuja mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeishika Kyela kwa mikono miwili. Alikuwa yuleyule wa mwaka jana, mtu mwembamba, mpole, anayebeba chai yake kwenye chupa na kuvua viatu mlangoni ili asituchafulie sakafu. Nasema haya kwa sababu watu wanapenda hadithi ya afisa mbaya, na huyu hakuwa mbaya. Alianza kuhesabu asubuhi. Saa tano akaomba ngazi. Akapanda rafu ya juu, akashuka na gunia langu.

Makopo yalizidi mia moja na tisini na mawili.

"Yangepungua ningekuelewa," aliniambia. "Watu huiba, watu huvunja. Haya yamezidi. Daftari lako linasema yalijazwa yakatoka. Nayo yako hapa."

"Yalitoka, yakarudi."

"Yamerudije?"

"Yameletwa na waliokula."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si yao."

Aliweka kalamu chini. Tajiri, aliyekuwa amesimama mlangoni akipangusa kofia yake, alifumba macho.

Afisa alitueleza anachokiona yeye, bila kupaza sauti. Mtu wa mbali akiangalia vitabu vyetu ataona moja kati ya mawili. Ama tuliandika makopo yamejazwa ilhali hayakujazwa, tupate mengine ya msamaha tuyauze. Ama tumevusha makopo kutoka Malawi bila kuyalipia, tukayachanganya. Kwa lolote kati ya hayo, barua inafutwa na ushuru unadaiwa kuanzia kopo la kwanza. Yeye binafsi alitaka kuniamini, lakini kutaka kwake hakuandikwi kwenye fomu.

Tajiri alinivuta pembeni. Akaniomba, na ni kweli aliniomba, niseme nimekosea kuhesabu. Msichana mdogo, kazi nyingi, hesabu zimemchanganya. Afisa angenionya kwa barua na mambo yakaisha. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima. Ningekubali kuitwa mwizi kuliko kuitwa asiyejua kuhesabu. Nikamwambia afisa kwamba kama hasadiki, twende Njisi akawaulize wenyewe.

Tukaenda kwa pikapu ya tajiri, matope mpaka kwenye vitasa. Nyumba ya kwanza tuliyofika ilikuwa imerudisha makopo manne mkononi mwangu mwenyewe. Mama mwenye nyumba alimwamkia afisa, akamkaribisha kiti, akaliona faili, akaiona kalamu.

"Makopo?" alisema. "Hapa hatujui mambo ya makopo, baba."

Nyumba ya pili hivyohivyo. Nyumba ya tatu walisema hata siagi hawajawahi kuionja, huku mtoto wao akichungulia mlangoni na kifuniko chekundu kikiwa gurudumu la gari lake la mabua. Habari ilikuwa imetutangulia kwamba serikali imemkamata binti wa kiwandani kwa sababu ya makopo, na kijiji kizima kilikuwa kinanitetea. Afisa aliandika kila jibu. Niliona kazi yangu na ya mama zikiondoka kwa wema wa watu, na sikuwa na namna ya kuwaambia mbele yake waache kunisaidia.

Shangazi hakuwepo siku hiyo, alikuwa shambani. Jioni mama alivaa gunia la plastiki kichwani kwa ajili ya mvua, akapanda baiskeli ya jirani, akaenda kwa shangazi yeye mwenyewe. Sikujua alichomweleza. Ninachojua ni kwamba asubuhi, afisa akiwa anafunga mkoba wake tayari kuwahi basi la Mbeya, shangazi aliingia bandani na wanawake wengine wawili wa Njisi, wote miguu imejaa matope mpaka magotini, kila mmoja na kopo lake mkononi. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

"Mugonile," shangazi alimwamkia afisa kwa adabu yote. "Mimi ni mwongo wa jana."

"Jana hukuwepo, mama."

"Basi ni dada wa waongo. Tumeleta vyombo vya watu." Akafunua kopo lake. Lilikuwa na mchele hadi juu. "Nimeshaleta sita kabla ya hili. Mwulize huyo, ndiye aliyepokea."

Afisa aliwauliza maswali mengi, moja baada ya jingine, na walijibu yote. Nani aliwaambia warudishe? Hakuna. Wanalipwa chochote? Hapana. Kwa nini wanatia mchele? Wale wawili walitazamana wakacheka kidogo, kama unavyocheka mtoto akikuuliza kwa nini unafunga mlango. Shangazi ndiye aliyejibu.

"Wewe kwenu mnarudisha chombo kitupu, tata?"

Afisa aliandika muda mrefu. Alipomaliza alisema anatuamini, na kwamba ataandika hivyo kwenye ripoti yake. Tajiri alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama aliendelea kugeuza karanga. Mimi nilijisikia kama siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa.

"Kuna jambo moja," afisa akasema.

Makopo yale, alisema, ni ya msamaha. Hayawezi kujazwa tena, hayauzwi, hayagawiwi bure. Yakibaki mazima stoo, mwaka ujao atakuja afisa mwingine ambaye hajamsikiliza mama huyu. Sheria inataka yaharibiwe mbele yake, yatobolewe yasishike kitu tena, mtunza stoo atie sahihi, barua ihuishwe. Akaangalia saa. Basi lilikuwa la saa nne.

Wanawake wa Njisi walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri mvua ipungue. Wangeweza kusindikizwa dukani wakanywe chai. Ilikuwa jambo la kusema neno moja tu kwa tajiri. Sikulisema. Napenda kudhani nilikuwa na haraka ya basi, lakini haraka ya basi haikuwa yangu. Nilikuwa nimeshinda, na aliyeshinda haangalii benchini.

Nilichukua msumari wa inchi sita, nikauchomeka kwenye jiko la mama mpaka ukawa mwekundu, nikaushika kwa koleo, nikaanza. Plastiki ilitoa moshi wenye harufu kali. Kila kopo tundu mbili, chini. Afisa alihesabu kwa sauti, mimi nikaitikia kwa kutoboa. Msumari ukipoa naurudisha motoni, na kila nilipourudisha mama alisogea kunipisha bila kunitazama.

Tulipomaliza la mia na tisini na mbili afisa alionyesha yale matatu ya asubuhi ile. Nayo yamo, alisema, yameshaingia stoo. Nikachukua kopo la shangazi, nikamimina mchele wake kwenye ungo, nikalitoboa.

"Tumekosa nini?" shangazi aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa Kiswahili, si kwa Kinyakyusa, kama mtu anayeuliza ofisini. Nilikuwa na maneno ya kumweleza. Shule iliyonipatia kazi ile ndiyo iliyonipa. Ningemwambia kwamba yeye ndiye ametuokoa, kwamba hili ni la vitabu, halihusiani naye hata kidogo. Ningeweza kupiga magoti nikamsalimu upya. Badala yake nilimjibu nikiwa nimeshika koleo.

"Ni utaratibu tu, shangazi."

Akasema, "Haya." Wakaondoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Barua ilihuishwa mwaka huo na miaka mingine iliyofuata. Banda liliendelea. Wadogo zangu walimaliza shule wote wawili, na mama alipata kuezeka nyumba kwa bati. Tajiri alitundika kibao kinachosema kiwanda hakipokei makopo yaliyotumika, lakini kibao hakikuwa na kazi. Baada ya asubuhi ile hakuna aliyeleta kopo tena. Mahesabu yangu yalirudi kuwa safi, na ninakiri yalinifurahisha. Kila Jumamosi mama aliendelea kupeleka siagi Njisi, nao waliendelea kununua. Aliporudi hakunisimulia habari za huko kama zamani, na mimi sikumwuliza.

Mama alifariki mwaka wa nne baada ya hapo, kwa ugonjwa wa siku tisa. Watu wa Njisi walikuja wote. Nisiwasingizie: walilia, walichota maji, walibeba kuni, walilala nje kwetu siku zote za msiba, na shangazi ndiye aliyemwosha mama kwa mikono yake. Chakula kilikuja kingi kuliko tulivyoweza kula. Wali ulikuja umefungwa kwenye majani ya migomba. Ndizi zilikuja na mikungu yake. Usipa walikuja kwenye magazeti, na maharage kwenye vikapu ambavyo waliovileta walivimimina na kuondoka navyo papo hapo. Nilipita katikati ya vyote hivyo nikishukuru kila mtu, na sikugundua kitu.

Msiba wa kwetu ukiisha, nyumba hubaki imejaa vyombo vya watu: sufuria, mabakuli, makarai yenye alama ya rangi kwenye kitako. Mfiwa huwa na kazi ya wiki nyingi kuvirudisha, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba anakalishwa, anaulizwa analalaje, anapewa cha kunywa, anacheka kidogo bila kutaka. Nadhani hivyo ndivyo watu wetu wanavyomtoa mtu msibani, ingawa hakuna anayekuambia. Siku watu walipotawanyika niliingia jikoni nivitenge vyombo vyao na vyetu, nianze kwenda. Nilivitoa vyote, nikavigeuza kimoja kimoja nitafute alama. Vyote vilikuwa vyetu.